Siku Moja Camogli bila Haraka: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali yanayorudiwa na Waswahili wanaopanga kupitisha siku moja Camogli, mji mdogo wa pwani kaskazini mwa Italia. Wengine wanaishi Ulaya, wengine wanakuja kutembelea ndugu na wana siku moja ya kujitafutia. Saa zote humu ni za Kiswahili. Ubao wa stesheni ukisema 15.30, hapa utaikuta saa 9:30 alasiri.

## Mambo ya mwanzo

Camogli ni wapi?

Iko mkoa wa Liguria, mashariki kidogo ya jiji la Genova, ubavuni mwa rasi ya Portofino upande wa magharibi. Wakazi wake ni kama 5,000. Zamani ulikuwa mji wa manahodha. Katika karne ya 19 ulimiliki majahazi mengi kuliko ungedhania kwa ukubwa wake, hata ukaitwa mji wa tanga nyeupe elfu moja, na mwaka 1853 wenye vyombo wakaanzisha bima yao ya pamoja ya baharini. Meli za mvuke zilipoimeza biashara ile, zikabaki nyumba ndefu za rangi, uvuvi kidogo, na watalii.

Kwa nini Camogli na si Portofino au Cinque Terre?

Portofino ni pazuri na ghali, na hakuna treni inayofika pale mjini penyewe. Cinque Terre ni vijiji vitano, kwa hiyo watu hushinda wakipanda na kushuka treni ili wavimalize vyote. Camogli hakuna cha kumaliza. Unashuka stesheni, unafika baharini kwa miguu, unakaa. Mtu anayetaka kurudi na picha za sehemu sita tofauti aende kwingine, hapa atachoka kwa kutokuwa na orodha.

Nafikaje?

Kwa treni, na ukiweza usifikirie njia nyingine. Kutoka Genova Brignole, treni ya mkoa huchukua baina ya nusu saa na dakika 45 kutegemea vituo inavyosimama, na nauli ni euro chache. Stesheni inaitwa Camogli-San Fruttuoso. Ukitoka nje, teremka ngazi kuelekea sauti ya bahari, hutapotea.

Tiketi ya karatasi ya treni ya mkoa lazima uigonge muhuri kwenye kimashine kilichopo stesheni kabla ya kupanda. Kuwa nayo mkononi bila muhuri hakukuokoi na faini. Tiketi ya simu nayo ina hatua yake ya kuithibitisha kwenye programu, usiidharau.

Kuja na gari kunawezekana kwa barabara kuu ya A12, unatokea Recco. Kisha unaanza kazi ya kutafuta maegesho. Mistari myeupe ni bure, ya bluu ni ya kulipia, ya njano si yako. Ukiona bango la ZTL, hapo ni eneo la magari yenye kibali tu, lina kamera, na faini itakufuata mpaka nyumbani baada ya miezi.

Nahitaji viza?

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen, ambayo humruhusu kukaa siku 90 ndani ya kila siku 180. Mwenye kibali cha ukaazi cha nchi nyingine ya Schengen haombi viza tena. Kwa vyovyote tembea na pasipoti au kibali chenyewe, kwa sababu polisi wa stesheni huuliza, na picha ya simu haiwaridhishi.

Wakati gani wa mwaka ni bora?

Juni mwanzoni na Septemba. Julai na Agosti joto ni kali na ufukwe umejaa, hasa wikendi, maana watu wa Milano na Torino wote hutafuta bahari hii hii. Mei hali ya hewa ni nzuri lakini maji bado baridi. Aliyezoea kuogelea Nungwi au Diani ataingia mpaka magotini na kutoka. Kipindi cha baridi sehemu nyingi hufungwa na boti hupungua, ingawa mji wenyewe huwa mtulivu sana na focaccia haikosekani.

Jambo moja huwashangaza wengi, nalo ni jua. Mwishoni mwa Juni linazama kama saa 3:15 usiku, na Desemba kabla ya saa 11 jioni. Kwa hiyo alasiri ya kiangazi ni ndefu ajabu, na anayengoja Magharibi asali ndipo ale atangoja sana.

## Siku yenyewe

Nianze vipi asubuhi?

Anza na focaccia. Ni mkate bapa wenye mafuta ya zeituni na chumvi, uliobonyezwa vidole ukawa na vishimo ambamo mafuta hutuama. Tafuta duka lenye foleni ya wenyeji. Muuzaji atakuuliza kiasi gani. Sema "un etto", yaani gramu 100, au mwoneshe kwa mikono ukubwa unaoutaka. Anakata kwenye sinia jeusi, anapima, anafunga kwa karatasi, na kabla hujafika mlangoni karatasi imeshaanza kung'aa mafuta. Watu wa huku huigeuza juu chini ili upande wa chumvi ukutane na ulimi. Wapo wanaoichovya kwenye kapuchino. Unaweza kuguna, lakini sisi tunaochovya chapati kwenye chai hatuna la kusema.

Kahawa ni ya kunywa umesimama kaunta. Ukikaa mezani bei hupanda, na mezani kunakotazama bahari hupanda zaidi.

Kuna nini cha kuona mjini?

Nyumba kwanza. Zimepanda ghorofa sita, saba, zimebanana ukutani mwa bahari, nyekundu, njano, waridi, kijani cha madirisha. Wenyeji husema rangi ziliwasaidia wavuvi kuitambua nyumba yao wakiwa mbali baharini. Zitazame kwa utulivu, maana nusu ya mapambo unayoyaona hayapo. Kingo za mawe, nguzo, hata baadhi ya madirisha na mapazia yake, vyote vimechorwa kwa rangi juu ya plasta tambarare. Simama chini ya ukuta mmoja ujaribu kukisia dirisha lipi ni la kweli. Subiri mtu atoke kuanika nguo, ndipo utajua.

Mwisho wa ufukwe kuna mwamba uliokuwa kisiwa zamani. Juu yake lipo kanisa la Santa Maria Assunta, lenye dhahabu nyingi ndani kuliko nje linavyoonesha, na pembeni yake ngome ndogo ya Dragonara. Ukipita chini ya upinde unatokea bandari ndogo, Porticciolo, na kwa maoni yangu hapo ndipo mahali pa kuupitishia muda wako mwingi. Kuna mashua za mbao, paka, nyavu zimetandazwa, na wazee wanabishana.

Lipo pia jumba la makumbusho ya mabaharia, Museo Marinaro, lenye michoro ya majahazi na vifaa vya manahodha. Hufunguliwa saa chache tu, kwa hiyo ulizia kabla ya kulipangia safari.

Nimesikia wanavua kwa nyavu za nazi. Ni kweli?

Kweli kabisa. Mtego wao unaitwa tonnarella, na huwekwa kila mwaka tangu Aprili hadi Septemba baina ya Camogli na ncha ya Punta Chiappa. Kanuni yake ni ile ile ya wando. Ukuta mrefu humzuia samaki anayefuata pwani, yeye hugeuka kuelekea kilindini, na huko hukuta chumba ambacho kutoka kwake ni shida. Tofauti ni kwamba wando wetu ni wa fito na huu ni wa wavu, na sehemu kubwa ya wavu imesukwa kwa usumba wa makumbi ya nazi.

Liguria hakuna mnazi hata mmoja wa kuzaa. Usumba huletwa kutoka mbali, ukasukwa huku. Wanaupenda kwa sababu nyuzi zake ni mbaya, zinashika mwani na vidudu vya baharini, na wavu ukishaota hivyo samaki wanauona kama sehemu ya bahari. Tena msimu ukiisha huoza wenyewe bila kuacha plastiki. Mtu aliyewahi kuona kina mama wa Paje au Jambiani wakifukua makumbi yaliyozikwa ufukweni na kuyaponda kupata nyuzi za kamba atasimama mbele ya nyavu hizi kwa muda mrefu kuliko Mtaliano aliyekuja kutoka Milano.

Asubuhi, ukiwa kwenye boti (tazama swali la San Fruttuoso), unaweza kuyaona maboya yake na mashua ya wavuvi ikisubiri.

Ufukwe ukoje? Nitaogelea?

Ni kokoto, si mchanga. Leta viatu vya majini au ndala ngumu, vinginevyo utaingia baharini ukiwa umekunja vidole na kulaani. Maji ni safi na yanakuwa na kina haraka, kwa hiyo asiyejua kuogelea asisogee mbali, na watoto wawe karibu.

Sehemu ya ufukwe ni ya bure na sehemu imekodishwa kwa wenye vitanda na miavuli. Sehemu ya kulipia utaijua kwa miavuli iliyopangwa mistari ya rangi moja. Usitandike kanga yako katikati ya mistari hiyo. Julai na Agosti sehemu ya bure hujaa mapema.

Kuhusu kupwa na kujaa, sahau. Bahari ya huku hupanda na kushuka kama sentimita 30 hivi, huoni tofauti. Hakuna bamvua, hakuna kungoja maji yajae ndipo uoge, na hakuna kutembea juu ya mwamba maji yakitoka. Kinachobadilisha bahari hapa ni upepo.

Niende San Fruttuoso au nibaki mjini?

Hili ndilo swali kubwa la siku. San Fruttuoso ni ghuba ndogo ndani ya rasi, yenye abasia ya kale ya watawa iliyojengwa karibu kabisa na maji, na mnara ulioanzia 1562 wa ukoo wa Doria, mabwana wa Genova ambao pia walizika watu wao pale. Ukoo huo uliikabidhi abasia kwa FAI, taasisi ya kuhifadhi urithi wa Italia, mwaka 1983. Hakuna barabara ya gari. Unafika kwa boti kutoka Porticciolo kwa muda wa kama nusu saa, au kwa miguu.

Mbele ya ghuba, chini ya maji kama mita 17, limesimama sanamu la shaba la Kristo aliyeinua mikono, kazi ya Guido Galletti, lililozamishwa Agosti 1954. Wazamiaji hulitembelea. Ukiwa juu ya boti bahari ikiwa tulivu utaona kivuli labda, usitegemee zaidi.

Ushauri wangu: kama umefika Camogli kabla ya saa 4 asubuhi na bahari imetulia, nenda na boti ya mapema, rudi kwa chakula cha mchana. Kama umefika saa 5 au baadaye, baki mjini. Wanaojaribu kufanya yote hula focaccia wakikimbia, wanaona abasia kwa robo saa, na wanarudi wakilalamika kuhusu foleni.

Kuna matembezi ya miguu mepesi?

Panda mpaka San Rocco, kijiji kilicho juu ya mji kwenye mwinuko wa kama mita 220. Ni ngazi na njia ya mawe baina ya mizeituni, kama dakika 45 kwa mwendo wa kawaida, na ukifika kwenye uwanja wa kanisa unaiona pwani yote mpaka Genova na kupita. Ukitaka unaweza kuendelea kuteremka hadi Punta Chiappa na kurudi na boti. Tarehe 16 Agosti pale San Rocco hutolewa tuzo kwa mbwa waaminifu. Si mzaha, ilianza miaka ya 1960 na watu husafiri kuja kuitazama.

Njia ya kutoka San Rocco hadi San Fruttuoso kupitia Batterie, kwenye mahandaki ya vita ya pili ya dunia, ina minyororo ya kushikilia kwenye miamba. Si ya ndala, si ya watoto, na si ya siku ya mvua.

Ni kweli kuna kikaango kikubwa kuliko nyumba?

Si kuliko nyumba, lakini kipenyo chake ni karibu mita 4. Hutumika Jumapili ya pili ya Mei kwenye Sagra del Pesce, sikukuu iliyoanza 1952, ambapo samaki hukaangwa bandarini na kugawiwa watu. Usiku wa kuamkia siku hiyo mitaa miwili ya mji huchoma ufukweni minara mikubwa ya mbao waliyoijenga kwa kushindana, kwa heshima ya San Fortunato, msimamizi wa wavuvi. Jumapili ya kwanza ya Agosti kuna nyingine, Stella Maris. Mashua huandamana asubuhi hadi Punta Chiappa, na usiku maelfu ya mishumaa huachwa ielee baharini. Siku hizo zote mbili usije ukitafuta utulivu.

## Kula

Chakula cha mchana ni saa ngapi?

Saa 6:30 hadi 8:30 mchana. Ukifika saa 9 jiko limefungwa, na kumsihi mhudumu hakusaidii. Maduka mengi nayo hufunga mchana na kufungua tena saa 9:30 au 10. Muda huo ni wa kivuli na kulala, nawe fanya hivyo hivyo. Chakula cha usiku huanza saa 1:30.

Niagize nini?

Acciughe, samaki wadogo wa jamii ya dagaa, wakiwa wamekaangwa au wamejazwa. Trofie, tambi fupi zilizosokotwa, kwa pesto, mchuzi wa majani ya mrehani ambao asili yake ni mkoa huu. Pansoti, vifuko vya unga vilivyojazwa mboga za majani na kumiminiwa mchuzi wa jozi. Na focaccia ya jibini ya Recco, mji wa jirani: karatasi mbili za unga usio na hamira, nyembamba hata unaona mkono, na jibini laini limeyeyuka katikati. Iwe ya moto. Ikipoa haifai.

Usishangae kuona "coperto" kwenye bili, kwa kawaida euro mbili tatu kwa kila mtu. Ni malipo ya meza na mkate, si wizi. Bakshishi hailazimiki.

Mimi ni Mwislamu. Nile nini kwa usalama?

Samaki na mboga zipo tele, lakini uliza mambo matatu. La kwanza, baadhi ya waokaji huweka mafuta ya nguruwe kwenye focaccia, sema "C'è lo strutto?" La pili, samaki wengi hupikwa kwa mvinyo mweupe, sema "senza vino". La tatu, keki maarufu za mji huu, camogliesi, asili yake ni za ramu. Zipo za ladha nyingine, taja unayoitaka. Nyama ya halali usiitafute Camogli, wala msikiti. Vyote hivyo viko Genova.

## Watu na adabu

Nahitaji Kiitaliano?

Kidogo kinafungua mlango. Ukiingia dukani sema "buongiorno" kabla ya kuuliza chochote, na baada ya chakula cha mchana "buonasera". Kuingia na kuanza na bei ni utovu wa adabu, jambo ambalo Mswahili hahitaji kufundishwa. "Ciao" ni ya marafiki na watoto. Mliozoea kuitupa kila upande Malindi na Watamu, ambako Waitaliano wamejaa, hapa iwekeni kwanza mfukoni.

Nivae nini?

Chochote chepesi, ila kanisani funika mabega na magoti. Kanga mkobani inatosha. Usitembee mitaani na nguo ya kuogelea pekee.

Nitatazamwa kwa sababu ya rangi yangu?

Inawezekana. Kwenye fukwe za Italia Waafrika wengi wanaoonekana ni wachuuzi wa miwani na mikoba, na wapo watu ambao akili yao haijavuka hapo. Mtu anaweza kukukatalia kwa mkono kabla hujasema neno. Ukisema "buongiorno" yako na kukaa kuagiza, mara nyingi mambo hunyooka. Ukikataliwa huduma waziwazi, ondoka na pesa yako, maduka ni mengi.

Kuhusu wachuuzi hao hao: wasalimie, lakini mkoba wenye jina kubwa kwa bei ndogo usinunue. Sheria ya Italia humpiga faini mnunuzi wa bidhaa bandia, na inaweza kufika euro 7,000.

## Mambo yakiharibika

Naja na mama mzee, au mtoto kwenye kigari. Itawezekana?

Itawezekana mkichagua. Barabara ya ufukweni, Via Garibaldi, ni tambarare, ila kutoka stesheni hadi pale na kutoka pale hadi bandarini kuna ngazi. Beba mtoto mgongoni kwa kanga, acha kigari. Mama mchukulie teksi kutoka stesheni kwa njia ya mzunguko, akae kwenye benchi la bahari, nyie zungukeni.

Bahari ikichafuka nikiwa San Fruttuoso?

Boti husitishwa, na hutabaki na njia nyingine isipokuwa miguu. Kabla ya kupanda uliza kaunta ya tiketi hali ya jioni itakuwaje na boti ya mwisho ni saa ngapi. Wakisema "mare mosso" huku wakitikisa kichwa, usiende. Ukikwama, fuata njia ya Pietre Strette kurudi San Rocco, siyo ile ya Batterie. Ni mwendo wa kama saa mbili na mlima wake si haba, kwa hiyo uwe na maji na viatu vya maana, na uanze mapema kabla giza halijakukuta msituni.

Mvua ikinyesha?

Kanisa, kahawa, makumbusho kama yamefunguliwa. Baadaye panda treni urudi Genova, ambako kuna paa nyingi zaidi.

Nikikuta kuna mgomo wa treni?

Mgomo, "sciopero", hutangazwa siku kadhaa kabla, kwa hiyo angalia tovuti ya reli usiku wa kuamkia safari. Siku za kazi treni za mkoa zinazohakikishwa ni za saa 12 hadi saa 3 asubuhi na saa 12 jioni hadi saa 3 usiku. Panga kwenda na kurudi ndani ya vipindi hivyo. Lakini mgomo mara nyingi huanguka Ijumaa au kushika wikendi, na siku za mapumziko dhamana hiyo haipo. Hapo ahirisha.